UZI: Ajali za ndege ambazo kuna mtu alishaona tatizo kabla, na ndege ikaanguka hivohivo

#1
Wakuu, habari za muda huu.

Kila ikitokea ajali ya ndege watu tunakimbilia kusema ni rubani, au ni injini, au ni hali ya hewa, alafu baada ya muda kimya. Mimi napenda sana kusoma habari za uchunguzi wa ajali za zamani, za kiraia na za kijeshi zote, na kinachoniuma sio chuma kukatika wala ukungu. Ukisoma mpaka mwisho unakuta kabisa kulikuwa na mtu, fundi au rubani msaidizi au abiria aliyekaa dirishani huko nyuma, alishaona. Alisema wakampuuza, au alisema kwa kuzungukazunguka, au alinyamaza kwasababu aliye mbele yake ni mkubwa. Huu uzi ni wa hizo tu. Ni mrefu, anayetaka fupi apite kimyakimya.

Tuanze na Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, maana hiyo kila mtu kaisikia. Tarehe 27/3/1977, uwanja wa Los Rodeos, Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zikagongana chini kwenye ranwei, wakafa watu 583. Habari ya ukungu mnaijua, habari ya bomu lililolipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria mpaka ndege zote zikaenda kurundikana kwenye kiwanja kidogo mnaijua, na kwamba kapteni wa KLM, Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mtu mkubwa pale kampuni na sura yake ilikuwa kwenye matangazo yao, hiyo nayo mnaijua.

Sasa angalieni kilichotokea ndani ya chumba cha marubani. KLM wamegeuza ndege mwisho wa ranwei, kapteni akaanza kusukuma nguvu za injini. Rubani msaidizi akamwambia ngoja kwanza, hatujapewa ruhusa. Kapteni akajibu najua hilo, haya omba. Msaidizi akaomba, wakasomewa njia watakayopita wakisharuka (hiyo sio ruhusa ya kuruka, ni maelekezo tu ya njia), na kabla hajamaliza kuyarudia yale maelekezo kapteni kashaachia breki. Safari hii msaidizi hakusema kitu. Fikiria, umemkosoa bosi wako dakika moja iliyopita, tena bosi ambaye ndiye anafundisha marubani wenzako, unamkosoa tena mara ya pili? Ulimi unakuwa mzito.

Mnara ukasema sawa, alafu ukaongeza subiri nitakuita. Muda huohuo Pan Am nao wakabonyeza redio kusema bado tupo kwenye ranwei. Zile sauti mbili zikagongana, kule KLM wakasikia mluzi tu. Mpaka hapo unaweza kusema ni bahati mbaya. Lakini baadae kidogo mnara ukamwambia Pan Am atoe taarifa akishatoka, Pan Am akajibu sawa nitasema nikishatoka, na hayo maneno yalisikika vizuri ndani ya KLM. Injinia wa ndege aliyekaa nyuma yao akauliza, kwani hajatoka? Kapteni akasema, unasemaje? Injinia akarudia, yule Pan American hajatoka? Kapteni akajibu kwa mkazo, ametoka bwana. Basi, hapo maongezi yakaisha na 747 inazidi kukimbia.

Injinia alikuwa sahihi. Ila aliuliza swali, hakusema SIMAMA.

Ya pili haiongelewi sana huku kwetu, Air Florida 90 ya tarehe 13/1/1982 pale Washington. Boeing 737, theluji inaanguka, hawakuwasha mfumo wa kupasha joto injini, barafu ikaziba kile kitundu cha mbele ya injini kinachopima mgandamizo wa hewa. Kwahiyo geji inakuonyesha injini zina nguvu ya kuruka wakati kiukweli zina nguvu pungufu. Siku hiyo aliyekuwa anarusha ni rubani msaidizi mwenyewe. Wakaanza kukimbia, akaona geji zingine haziendani na ile moja, akasema hii haiko sawa. Kapteni akamjibu iko sawa, hiyo hapo spidi 80. Akasema tena hapana, sidhani kama iko sawa. Alafu sekunde chache mbele akajijibu mwenyewe, labda iko sawa.

Hilo "labda iko sawa" mimi huwa linanimaliza. Alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake, ranwei ilikuwa bado ipo ya kusimamia, na akajishawishi mwenyewe kuuacha. Ikaruka, ikashindwa kupanda, ikagonga daraja la barabara ya 14 ikatumbukia mto Potomac. Ndani walikuwa 79 wakapona 5, na juu ya daraja wakafa 4 waliokuwa kwenye magari yao.

Nina nyingine nyingi. Mwenye maswali au mwenye yake ashushe.

#2
Mkuu uzi mtamu. Ila hao ni raia. Jeshini hakuna hayo mambo ya aibu, kule kuna ukaguzi na nidhamu, mtu akizingua anashushwa siku hiyohiyo.

#3
Mkuu hapo #2 ngoja nikupe ya Fairchild alafu urudi tuongee.

Tarehe 24/6/1994, kambi ya jeshi la anga la Marekani inaitwa Fairchild, jimbo la Washington. Ndege ni B-52, lile dubwana la injini nane. Rubani ni Luteni Kanali Bud Holland, mzoefu, na ndiye alikuwa mkuu wa kupima viwango vya marubani pale kambini. Yaani mtu anayetakiwa kuwakamata wengine wakivunja taratibu ndiye alikuwa mvunjaji namba moja. Maonyesho ya mwaka 1991, 1992, 1993, kila mwaka anaipindisha B-52 kuliko inavyoruhusiwa, anapita chini kuliko inavyoruhusiwa, watu wanapiga makofi. Makamanda walikuwa wanaona kwa macho, wengine walikuwa palepale uwanjani. Kila akija kamanda mpya, aliyetoka hamwachii maandishi yoyote, na onyo lenyewe kama lilitolewa lilikuwa la mdomo.

Machi 1994 akaenda kwenye eneo la mazoezi la Yakima akapita juu ya ukingo wa kilima kwa urefu wa futi chache sana, kuna video, wapiga picha waliokuwa pale kilimani walilala chini. Mmoja wa wenzake ndani ya ndege ilibidi ashike usukani kuivuta juu. Wakarudi wakasema sisi na huyu mtu haturuki tena.

Sasa aliyekuwa na ujasiri ni kamanda wa kikosi, Luteni Kanali Mark McGeehan. Akaenda kwa mkubwa wake akamwambia Holland asimamishwe kuruka. Mkubwa akamwita Holland, wakaongea, Holland akaahidi, ikaishia hapo, kusimamishwa hakuna. McGeehan akaona basi, kama hamtamsimamisha, kijana wangu yeyote haruki na Holland mpaka mimi niwe nimekaa kiti cha pembeni. Na siku ya mazoezi ya maonyesho, tarehe 24, ndiye alikuwa kiti cha pembeni.

Walikuwa futi kama 250 kutoka chini, Holland akataka kuzunguka mnara wa kuongozea ndege kwa kona kali ya kushoto. Ndege ikalala mpaka ikapita digrii 90, yaani bawa moja linaangalia ardhi lingine mbinguni. Ukishafika hapo mabawa hayakubebi tena. Wakafa wote wanne. McGeehan alijaribu kujirusha na kiti lakini hakuwahi. Mke wake na watoto walikuwa wanaangalia kutokea nyumbani palepale kambini.

Yule mkubwa aliyekataa kumsimamisha Holland alifikishwa mahakama ya kijeshi akakiri uzembe, akakatwa mshahara miezi kadhaa. Ndo hivo tu.

Kwahiyo mkuu nidhamu ipo, sikatai. Ila nidhamu ya kumtii mkubwa nayo inaweza ikawa ndo tatizo lenyewe.

#4
Daaah, hiyo ya Fairchild video nimeiona ila sikujua kama jamaa wa pembeni ndo alikuwa anampinga. Inauma aisee.

#5
Mleta uzi mbona unawasakama marubani tu? Viwanda je? Wao ndo wanaleta vyuma vibovu alafu lawama anabeba marehemu. 737 MAX tumeona, watu 346 ndege mbili, kwasababu programu ilikuwa inasikiliza kihisi kimoja tu na marubani hawakuambiwa vizuri kama ipo.

#6
#5 uko sahihi kabisa, na hiyo 346 umeniwahi. Idadi hiyohiyo ya 346 ndo walikufa kwenye ndege moja tarehe 3/3/1974, Turkish Airlines 981, DC-10 ya kiwanda cha McDonnell Douglas, iliyoanguka msitu wa Ermenonville nje kidogo ya Paris. Hii nataka niieleze taratibu maana kwangu mimi hakuna ajali ambayo taarifa za mapema zilikuwepo wazi kama hii.

Mlango wa mizigo wa DC-10 ulikuwa unafunguka kwenda nje. Mlango wa kwenda ndani hauna shida, hewa ya ndani ikishajaa inaukandamiza ujifunge zaidi. Wa kwenda nje ni kinyume, hewa inausukuma utoke, kwahiyo uhai wako unategemea zile komeo na pini zake. Na zile pini zilikuwa zinaweza zisikae sawa alafu mpakiaji akilazimisha mkono wa nje kwa nguvu unafunga, taa inazima, kila mtu anajua mlango umefungwa. Haujafungwa.

Kingine, nyaya za kuongozea mkia zilipita kwenye sakafu ya abiria. Mlango ukitoka, hewa ya sehemu ya mizigo inatoka yote mara moja, ya juu kwa abiria bado imejaa, sakafu inabonyea kwenda chini na nyaya zinaenda nayo.

Hii haikuwa nadharia. Tarehe 12/6/1972, karibu miaka miwili kabla, DC-10 ya American Airlines ilitoka mlango juu ya Windsor, Kanada. Sakafu ikabonyea. Bahati yao ndege haikuwa na watu wengi, nyaya chache zikapona, na kapteni Bryce McCormick akaitua Detroit kwa kucheza na nguvu za injini. Hakufa mtu.

Wiki mbili baadae injinia mmoja wa Convair, hiyo ndo kampuni iliyopewa tenda ya kutengeneza mwili wa ndege, anaitwa Dan Applegate, akaandika barua kwa wakubwa zake. Alisema wazi kwamba milango ya DC-10 itatoka tena na matokeo yake kwa kawaida yatakuwa ni kupoteza ndege. Wakubwa wakakaa wakajadili, na hoja kubwa ikawa nani atalipia marekebisho, maana ukilipeleka jambo kwa McDonnell Douglas unakuwa kama umekubali kosa ni lako. Barua haikupelekwa.

Upande wa serikali nako, mkuu wa mamlaka ya anga ya Marekani na mkuu wa kiwanda walikubaliana kwa simu tu, kiungwana, kwamba kiwanda kitatoa waraka wa marekebisho badala ya serikali kutoa amri ya lazima. Waraka sio amri. Ile ndege iliyokuja kuuzwa kwa Waturuki ikaandikwa kwenye makaratasi na kugongwa mihuri kwamba kibati cha kuzuia mlango usilazimishwe kimefungwa. Kumbe hakikufungwa.

Siku ya ajali ndege ilijaa kuliko kawaida sababu wafanyakazi wa shirika moja la Uingereza walikuwa wamegoma, abiria wakahamishiwa humo. Dakika chache baada ya kutoka uwanja wa Orly, Paris, mlango ukachomoka, sakafu ikaenda, nyaya zikakatika, na rubani akabaki ameshika usukani ambao hauongozi chochote.

Mnaona? Applegate alisema. Kapteni wa Windsor alionyesha kwa vitendo. Na bado.

#7
Mkuu na ile ya timu ya Zambia 1993? Ile ilikuwa ndege ya jeshi na waliokufa ni wachezaji. Nilikuwa mdogo ila nakumbuka wazee walivyolia.

#8
#7 ahsante kwa kuikumbusha, na hii inaingia humu moja kwa moja.

Ni DHC-5 Buffalo ya jeshi la anga la Zambia, inapeleka Chipolopolo Dakar kucheza na Senegal kufuzu kombe la dunia. Safari ya kurukaruka, Brazzaville kujaza mafuta, Libreville (Gabon) kujaza mafuta, ilikuwa iende Abidjan. Hiyo ndege ilikuwa imelala miezi kadhaa bila kuruka. Ilipofanyiwa majaribio siku chache kabla, ilikutwa na kasoro kwenye injini ya kushoto, chembe za kaboni kwenye chujio la oili, waya uliochomoka, alama za joto kali. Ikaambiwa twende hivohivo. Usiku wa tarehe 27/4/1993, baada tu ya kupaa Libreville, injini hiyohiyo ya kushoto ikawaka moto. Rubani akazima ya KULIA. Ikabaki haina nguvu yoyote, ikaangukia baharini, wakafa wote 30. Ripoti ya Gabon imetoka miaka kumi baadae, ikataja taa ya tahadhari mbovu na uchovu wa rubani, maana alikuwa ametoka kuirusha timu kurudi nayo kutoka Mauritius.

Kuzima injini nzima na kuacha mbovu, usije ukadhani ni mambo ya Afrika. Tarehe 8/1/1989 British Midland 92, Boeing 737-400 mpya kabisa, London kwenda Belfast. Bapa moja la feni ya injini ya kushoto likakatika, ndege inatetemeka, moshi ndani. Kapteni akauliza ni ipi? Msaidizi akaanza kusema ya kush... akageuza, ya kulia. Wakapunguza ya kulia na moshi ukapungua. Hapo ndo walipopotea. Ule moshi ulipungua kwasababu walipozima mfumo wa kujiendesha wa nguvu za injini ile ya kushoto ikatulia kidogo, ilikuwa bahati mbaya tu iliyofanana na jibu. Na geji ya mtetemo ilikuwepo, inaonyesha wazi ya kushoto imefika juu, ila ilikuwa ndogo, na marubani wa ndege za zamani walishazoea kwamba hizo geji ni za uongo usizisikilize.

Sasa hapa ndo penyewe. Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia imesumbua, tumeizima. Abiria wa nyuma walikuwa wanaona cheche na moto upande wa KUSHOTO kwa macho yao. Baadhi ya wahudumu nao waliona. Wakashangaa mbona kasema kulia, alafu wakajiambia rubani ndo anajua, labda kakosea maneno. Hakuna hata mmoja aliyeenda kugonga mlango. Walipokaribia uwanja wa East Midlands kutua kwa dharura wakaongeza nguvu ya kutua, ya kushoto ikafa kabisa, ndege ikajikita kwenye ukingo wa barabara kuu ya M1. Watu 126, wakafa 47.

Na tarehe 4/2/2015 kule Taipei TransAsia 235 wakarudia tena, ATR 72, injini mbovu ya kulia, kapteni akazima ya kushoto. Alikuja kugundua mwenyewe, kwenye kinasa sauti anasikika akishangaa kwamba amevuta upande usio. Kabla ya hapo msaidizi alishamwambia ngoja tuhakikishe kwanza. 43 wakafa.

#9
Mimi nitapingana na mleta uzi kidogo. Ukishajua ndege imeanguka ni rahisi kurudi nyuma ukatafuta mtu aliyesema. Kila siku mafundi wanaandika malalamiko, marubani wasaidizi wana wasiwasi, na ndege zinaruka zinatua. Zile ambazo mtu alisema "haiko sawa" na haikutokea kitu huzisomi popote. Alafu zipo ajali ambazo HAKUNA aliyejua. Comet je? Chuma kilichoka, nani angejua mwaka 1954?

#10
#9 hoja nzito hii, nakuheshimu mkuu. Comet nakupa kwa sehemu kubwa. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria duniani, 1952. Tarehe 10/1/1954 moja ikapasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, 35 wakafa. Ilikuwa imeruka safari 1,290 tu. Na kiwanda hawakuwa wajinga, walipima mwili wa majaribio ukavumilia mizunguko zaidi ya 16,000. Tatizo ule mwili wa majaribio ulikuwa umeshajazwa hewa mara mbili ya kawaida hapo awali kupima nguvu, na kule kujazwa sana kukakaza chuma kwenye pembe za madirisha kikawa kigumu kuliko cha ndege za kweli. Yaani jaribio lenyewe liliwadanganya. Ilibidi waichukue Comet nzima waizamishe kwenye tangi la maji kule Farnborough, wajaze maji ndani watoe, wajaze watoe, mpaka ikapasuka kwenye kona ya dirisha ikiwa na mizunguko 3,057 jumla. Hapo sawa, hakuna aliyekuwa anajua.

Lakini mkuu angalia katikati. Baada ya Elba ndege zilisimamishwa, wakafanya marekebisho mengi ya kubahatisha, wakidhani labda moto, labda hiki, labda kile, na tarehe 23/3/1954 zikaruhusiwa kuruka tena huku CHANZO HAKIJAPATIKANA. Wiki mbili mbele, 8/4/1954, nyingine ikapasuka karibu na Naples, wakafa 21. Wale 21 hawahesabiki kwenye "nani angejua". Kila mtu alijua kwamba hajui.

Na kuhusu malalamiko kuwa mengi, ni kweli. Ila mimi naangalia aina yake. Windsor haikuwa wasiwasi wa mtu, mlango ulishatoka. Yakima haikuwa maneno, kuna video. Geji za Air Florida zilikuwa zinapingana pale pale mbele yao. Hizo sio kelele za kawaida.

Nikuongezee moja ya jeshi isiyo na mtu mbabe hata mmoja. Tarehe 23/2/2008 kisiwa cha Guam, B-2, ile ndege nyeusi isiyoonekana na rada, dola bilioni 1.4 ndege moja. Unyevunyevu uliingia kwenye vihisi vya hewa 3 kati ya 24. Mafundi wakavirekebisha vikiwa na maji ndani. Wakati wa kuruka ule unyevu ukakauka, sasa kompyuta ikawa inasoma uongo, ikadhani spidi ni kubwa kuliko ilivyo na ndege imeinama, ikajiinua pua kwa nguvu yenyewe. Ikakosa spidi, bawa likagusa chini, ikateketea. Marubani wawili walijirusha wakapona wote.

Kumbe mafundi waliokuwa Guam miaka miwili kabla walishagundua dawa yake. Unawasha joto la vile vihisi kwanza, maji yanakauka, ndo unarekebisha. Kazi ya dakika. Wakaambizana kwa mdomo, wengine wakaijua wengine hawakuijua, kwenye vitabu vya kazi haikuandikwa. Zamu ikabadilika na dawa ikaondoka nao.

#11
Sasa kuna kilichobadilika au ndo tunasoma huzuni tu humu? Natakiwa kupanda ndege wiki ijayo mjue 😅

#12
#11 panda bila wasiwasi mkuu 😂 kimebadilika sana.

Kilichowaamsha hasa Wamarekani ni United 173, 28/12/1978, Portland. DC-8, tairi zilishuka kwa kishindo, taa haikuwaka vizuri, kapteni akawa anazunguka karibu lisaa lizima kushughulikia tairi. Injinia anataja mafuta, msaidizi anataja mafuta, lakini kwa sauti ya chini, kama wanatoa taarifa tu. Mafuta yakaisha, injini zikazima moja baada ya nyingine, ikaangukia mtaani kwenye miti. Kati ya watu 189 walikufa 10, na injinia mwenyewe akiwemo. Haikuwaka moto maana hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Baada ya hapo, na NASA nao walishaanza kulisemea hili 1979, United wakaanzisha mafunzo 1981 ya kumfundisha kapteni kusikiliza na kumfundisha mdogo kusema. Makapteni wa zamani waliyadharau wakisema ni darasa la tabia njema. Alafu 19/7/1989 DC-10 ya United 232 ikalipukiwa na injini ya mkiani, mifumo yote mitatu ya haidroliki ikakatika, hakuna usukani kabisa. Kapteni Al Haynes akasikiliza kila mtu, mpaka mwalimu wa DC-10 aliyekuwa amekaa kama abiria akaitwa mbele akapewa mikono ya nguvu za injini kuiongoza ndege. Wakafika nayo Sioux City. Ilipinduka, wakafa 112, lakini 184 walitoka hai kwenye ndege ambayo marubani wengine walipojaribu kwenye mashine ya mazoezi walishindwa kuitua. Haynes mwenyewe alisema bila yale mafunzo wasingefika.

Ila haikuenea kote mara moja. Tarehe 22/12/1999 pale Stansted, 747 ya mizigo ya Korean Air, kioo cha kapteni kinachoonyesha ndege imelalia wapi kilikuwa kimekufa. Cha msaidizi kilikuwa kizima mbele yake. Ni usiku, kapteni anazidi kulaza ndege kushoto, kengele inalia, injinia anaita imelala, imelala! Msaidizi kimya mpaka chini. Wakafa wote wanne.

#13
Swali la mwisho kutoka kwangu. Tuseme mimi ndo msaidizi, nimesema, kapteni kakataa au kanyamaza. Kwa sasa hivi sheria inaniruhusu nifanyeje? Au ndo napiga dua?

#14
#13 mashirika mengi siku hizi yana utaratibu wa kusema mara mbili. Umemwambia ndege imetoka kwenye njia, hajajibu la maana. Unamwambia tena, kwa namba, "spidi imepungua 15", sio "kapteni unaonaje spidi". Hajajibu au hajarekebisha, unashika usukani unatamka kwamba ndege ni yako sasa. Inaweza kuwa hata amezimia pale alipokaa na wewe hujui, ndo maana kunyamaza kwake kunahesabika ni jibu.

Na kwenye kutua ni rahisi zaidi. Yeyote kati ya hao wawili akisema turudi juu, mnarudi juu. Hakuna kuulizana hapohapo, maelezo mtayatoa mkishafika hewani salama. Na kule redioni tangu Tenerife neno la kuruka halitamkwi hovyo, linatumika pale ruhusa inapotolewa au inapofutwa tu, muda mwingine wote wanatumia neno la kuondoka.

Kesho nikipata muda nashusha za mafundi, kuna moja ya kioo cha mbele cha British Airways 1990 kilichofungwa kwa bolti nyembamba kuliko zinazotakiwa, kapteni akavutwa nje nusu mwili na akapona.